Radhi Isiyo na Lakini

Zahoro mwenyewe alikuwa bado hajarudi nyumbani, na habari zake zilikuwa zimeshafika Gazi mara tatu. Ya kwanza ililetwa na mpanda baisikeli aliyepita mbio bila ya kushuka: Zahoro kafa, kagongwa na gari huko Mwabungu. Tumu, mkewe, alikuwa anakuna nazi uani. Alipiga ukemi mmoja tu, akainuka na kifuu mkononi, na kabla hajafika mlangoni majirani wakawa wameshajaa. Ya pili ililetwa na wanawake waliotoka kuuza makuti: Zahoro hakufa, kaua. Ya tatu aliileta Mbeyu, yule auzaye mihogo ya kuchoma kando ya barabara pale pale Mwabungu, na kwa kuwa huyu aliona kwa macho yake, alikalishwa juu ya kitanda cha kamba, akapewa maji, na ua mzima ukamzunguka.

"Hakufa, wala hakuua," alisema Mbeyu, akafuta midomo. "Aliyeumia ni Mwanapili, mke wa Mzee Chirau, huyu anayewauzia makuti wajenzi wa hoteli. Basi anapita kando ya njia na mzigo wake kichwani, makuti yamemfunika mpaka mabegani, utasema ni banda linatembea. Zahoro huyo anakuja nyuma na tenga lake la samaki. Mara Landrova ya hoteli! Honi, paaa! Tena, paaa! Gari huku, mtaro huku, mama wa watu mbele. Wewe ungekwenda wapi?"

"Gari lilimgusa mwanangu?" aliuliza Bi Khamisa, mama yake Zahoro, ambaye hata bumbuwazi lilipomshika hakuacha kusokota ukambaa wake wa miyaa.

"Halikumgusa. Lilimpitia hapa." Mbeyu akajipiga kwapani.

"Basi makosa ni ya gari."

"Ya gari, wallahi. Lisingesimama ningelisema mpaka kesho. Lakini lilisimama, Bi Khamisa. Dereva karudi kinyumenyume, kashuka, kambeba Mwanapili kwa mikono yake mwenyewe kama anabeba mamake, kamtia ndani, hao, hospitali Msambweni. Mtu akishafanya hivyo utamtukana vipi?"

Watu wakaguna. Kweli ilikuwa vigumu.

Alasiri Zahoro akaja kwa miguu. Goti na bega vimechubuka, kanzu ya kazini imeraruka, na mikononi hana kitu. Baisikeli imezuiwa kituoni, alisema. Wamesema ni ushahidi.

"Na samaki je?" aliuliza mamake.

"Wamebaki njiani. Paka wa Mwabungu leo wamekula Idi."

Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe alipoona hawakucheka akakaa chini, akaanza kulia. Tumu akawatoa majirani mmoja mmoja kwa upole, na Mbeyu, ambaye alikuwa hajamaliza maji yake, ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka.

Walipobaki wenyewe Zahoro akaeleza. Baisikeli yake haikuwa na kengele, ilivunjika zamani. Lakini wanawake wa barabara ile wote wanamjua kwa sauti. Yeye hupiga kelele, "Samaki! Samaki!" na mwenye mzigo, hata kama haoni nyuma, hujivuta kando. Siku hiyo alipiga kelele hiyo hiyo, honi ikaimeza. Breki ya nyuma nayo aliifungua mwenyewe, kwa sababu tenga pana haliwezi kufungwa vizuri nayo ikiwepo, na wachuuzi wote wa Gazi wamefungua za kwao. Wanasimamisha gurudumu kwa kisigino cha ndara za mpira wa gari.

"Nilikanyaga," alisema. "Wallahi, Tumu, nilikanyaga mpaka ndara ikatoka moshi."

*

"Jambo la kwanza ni kwenda kuomba radhi," alisema Mjomba Shehe asubuhi yake.

Shehe alikuwa ndugu wa Bi Khamisa, mwalimu wa chuo cha Kurani, na katika nyumba ile neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Alikuja akiwa ameshavaa kanzu safi, ishara kwamba hakuja kushauriana.

"Siikatai safari, mjomba," alisema Zahoro. "Nitakwenda. Lakini niwaeleze vile ilivyokuwa. Lile gari..."

"Hapo hapo! Umeshaanza." Shehe akainua kidole. "Radhi haitiwi lakini. Ukitia lakini umekwenda kugombana, hukwenda kuomba radhi. Unasema: Ni mimi, ni makosa yangu, niwieni radhi. Basi, unafunga mdomo. Kisha wenyewe ndio watakaokwambia, Ah, mwanetu, hiyo ni kadari ya Mungu, na lile gari nalo je? Lakini wanaitia wao, si wewe."

Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba zote za kuanzia Gazi mpaka Vanga, na hakuna aliyekumbuka ilivyoanza. Mwenye kukosa huuchukua mzigo wote peke yake, hata ule usio wake, na aliyekosewa humtua. Atakayekuja na mzigo nusu ataachwa nao mlangoni. Watoto hufundishwa jambo hili kabla ya kufundishwa kutawadha, na Zahoro alilijua kama alivyojua jina lake. Isipokuwa siku hiyo koo lake lilikuwa na honi ndani yake, na haikutaka kushuka.

"Mjomba, hata kidogo? Nitaje honi tu?"

Aliyemjibu ni Tumu, kutoka jikoni. "Baba watoto, mwanamke wa watu kavunjika nyonga, wewe unataka kumpelekea mumewe habari za honi? Sema ukamilishe. Utafanya tuonekane watu gani?"

Zahoro akamtazama mkewe, kisha akaenda kuvaa.

*

Walimkuta Mzee Chirau amekaa barazani kwake Mwabungu, na wageni wengine wameshatangulia. Mmoja alikuwa Ngala, dereva wa ile Landrova, mtu wa Rabai, mwembamba, kofia ameishika kwa mikono miwili. Wa pili alikuwa karani wa mjenzi wa hoteli, kijana wa bara mwenye suruali fupi ya kaki na soksi zilizofika magotini. Walikuwa wameleta mkebe wa majani ya chai. Zahoro na watu wake walikuwa na mchele, sukari na mkungu wa ndizi, wakavipeleka uani bila ya kuvitaja, kama inavyotakiwa.

"Pole sana, mzee," alikuwa akisema Ngala. "Pole sana. Mimi siku ile..."

Karani akakohoa. Ngala akageuza kofia, akasema tena, "Pole sana," akaishia hapo. Ilionekana wameshakubaliana njiani, kwani kila dereva alipolifikia neno "mimi" karani alishikwa na kikohozi.

Zahoro hakukaa. Alipiga magoti mbele ya Mzee Chirau, na Shehe akakaa nyuma yake kumsikiliza, kama anavyomsikiliza mwanafunzi anayesoma kwa moyo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, ni mimi niliyemgonga mama. Ni makosa yangu. Nimekuja mbele yako na mbele ya Mungu, niwie radhi."

Akanyamaza. Pua zake zilikuwa zinacheza, lakini alinyamaza. Uani, nyuma ya ukuta wa makuti, Tumu alizishusha pumzi na Bi Khamisa akamfinya mkono kwa kumpongeza.

"Inuka," alisema Mzee Chirau. Aliuweka mkono juu ya kichwa cha Zahoro. "Inuka, usinipigie magoti. Hiyo ni kadari, haina mwenyewe. Hata lile gari nalo..." Akamtupia jicho Ngala. "Lile gari nalo lilikuja kama linafukuzwa na nyuki. Nimekuwia radhi, mwanangu. Na watoto wangu wote wamekuwia radhi."

Shehe akatikisa kichwa, ameridhika. Mambo yalikuwa yamekwenda kama yalivyopangwa na wazee tangu zamani. Ngala alitazama viatu vyake.

Ndipo karani aliposogea mbele. "Bwana," alimwambia Zahoro, "umesema ni makosa yako?"

"Nimesema."

"Umesema kwa hiari yako? Hukulazimishwa na mtu?"

Watu wakaangaliana, kicheko kikawatoka. Hata Mzee Chirau alicheka.

"Radhi ya kulazimishwa ndiyo ipi hiyo, mwanangu?" aliuliza Shehe. "Huko kwenu zipo?"

Karani naye akacheka kidogo, akainua kikombe cha chai.

Kutoka hapo walikwenda hospitali. Mwanapili alikuwa amelala chali, uso umepungua, lakini macho yake yalikuwa makali. Zahoro akataka kuanza tena, ni mimi, ni makosa yangu. Mwanapili akamkata.

"Nyamaza, Zahoro. Mimi sikukuona wala sikukusikia. Nilisikia paaa, nikaona makuti, basi. Hebu niambie, makuti yangu yalifika hotelini?"

"Yalifika, mama. Dereva aliyapeleka."

"Alhamdulillahi. Nilidhani ng'ombe wameyala." Kisha akamshika Tumu mkono. "Nimemsamehe mumeo. Lala usingizi."

Tumu alilala usingizi. Wiki mbili nzima alilala usingizi, akaamka mapema na kwenda kusuka makuti, maana baisikeli ilikuwa bado kituoni na nyumba haikuwa na jingine la kuitegemea. Hoteli zilikuwa hazishibi makuti mwaka ule, wa pili tangu Uhuru.

*

Mwanapili alifariki siku ya Jumatano. Hakuna aliyejua sababu. Alikuwa ameshaanza kukaa kitako, akala uji, akasema kifua kinambana, na baada ya hapo hakusema tena. Zahoro alikwenda kuchimba kaburi. Alilibeba jeneza begani, lile lile lililochubuka, na watoto wa marehemu walimpisha mbele bila ya kusitasita. Bi Khamisa na Tumu walilala matanga siku zote, wakiosha vyombo.

Siku ya hitima, watu wakiwa bado hawajamaliza kunawa, askari wawili waliingia. Walikuwa na adabu. Walisubiri fatiha ikamalizika, wakamwambia Zahoro kwamba shauri limegeuka, sasa ni shauri la kifo, na wamekuja kumchukua.

"Lakini ameshasamehewa!" alisema Mzee Chirau. Alisimama na wali umemganda vidoleni. "Ninyi mmekuja kufanya nini kwangu? Mwenye maiti ni mimi."

"Tunajua, mzee," alisema askari mmoja. "Utakuja useme huko mahakamani."

"Nitasema. Nitakuja niseme yote."

*

Alifika mahakamani Kwale mapema kuliko watu wote, mzee yule, na alivaa koti juu ya kanzu ijapokuwa jua lilikuwa linachoma. Watu wa Gazi na Mwabungu walikijaza chumba, wengine wakabaki madirishani. Kwanza walikuwa na furaha kidogo. Hakimu alikuwa Mwafrika, inspekta wa mashtaka Mwafrika, bendera nje ni yetu. Zahoro alisimama kizimbani bila ya wakili, akawaamkia wote kwa mkono kifuani.

Ngala alianza. Aliulizwa kama gari lake lilimgusa mtu, akasema halikugusa. Aliulizwa kwa nini alipiga honi.

"Ili yule wa baisikeli anipishe."

"Alikupisha?"

"Alinipisha," alisema, kwa sauti ndogo hata hakimu akamwambia arudie. "Alinipisha, bwana."

Zamu ya Mbeyu ilipofika, Tumu alisogea mbele. Huyu ndiye tegemeo lao. Isipokuwa Mbeyu alikuwa ameisimulia habari ile kwa wiki nyingi, kila mnunuzi wa muhogo alipewa na kipande cha habari, na habari ikirudiwa kila siku bila ya kutiwa chumvi huchosha. Akawa anatia. Mpaka kufikia siku ya kesi, barabarani kwake, gari lilikuwa limemgonga Zahoro ubavuni mara mbili na dereva alikuwa amelewa. Na yule karani wa soksi ndefu, bila ya Mbeyu kufikiri lolote, alikuwa mteja wake wa muhogo.

"Uliwaambia watu gari lilimgonga mwenye baisikeli?" aliuliza inspekta.

"Niliwaambia, lakini..."

"Lilimgonga?"

"Halikumgonga. Lilimpitia hapa." Akajipiga kwapani.

"Uliwaambia dereva alikuwa amelewa?"

"Yale yalikuwa mazungumzo tu, baba! Watu wanakula, wanazungumza!"

"Kwa hiyo ulisema uongo."

Mbeyu, ambaye hakuwahi kukosa neno maishani mwake, alitazama huku na huku, akashuka. Alipopita karibu na Tumu hakumwangalia.

Kisha wakaileta baisikeli. Tumu aliipata harufu ya samaki mpaka pale alipokaa. Inspekta akaishika usukani kwa vidole viwili.

"Breki ya nyuma iko wapi?"

"Niliifungua, bwana, kwa sababu ya tenga."

"Kengele?"

"Mimi husema Samaki, bwana. Wenyewe wananijua."

"Na ukitaka kusimama?"

Zahoro akainua mguu kidogo kuonyesha kisigino.

"Kwa hiyo breki yako ni unyayo?" alisema inspekta, na chumba kizima kikaangua kicheko, hata watu wa Gazi, hata wachuuzi wenzake ambao baisikeli zao zilikuwa zimeegemezwa nje hazina breki vile vile. Walicheka kisha wakaona haya. Zahoro alibaki ameuinua mguu, hajui kama ameambiwa aushushe.

Alipopewa nafasi ya kujitetea alisema, "Bwana, gari lilinibana. Kama nisingekwenda kando lingenipanda. Na kando alikuwapo mama."

"Hayo umeyasema leo," alisema inspekta. "Ulipokwenda kwa Mzee Chirau uliyasema?"

Zahoro akamtafuta mjomba wake kwa macho. Shehe alikuwa ameinama.

Ndipo wakamwita Mzee Chirau. Alikwenda kwa hatua za mtu aliyeisubiri siku hiyo. Aliushika Msahafu kwa mikono yote miwili, akaubusu, akala kiapo.

"Mzee, huyu alikuja nyumbani kwako?"

"Alikuja, kama anavyokuja mtoto wa watu. Nami nataka kusema..."

"Jibu ninalokuuliza. Alisema nini?"

Mzee akafungua mdomo, na hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Alikuwa amekuja kumtoa Zahoro. Usiku kucha alikuwa ameyapanga maneno yake. Sasa akaona mlango aliofunguliwa unakotokea, na mikono yake ilikuwa bado ina joto la Msahafu.

"Alisema... alisema, ni mimi, ni makosa yangu, niwie radhi."

"Alilitaja gari?"

"Hakulitaja." Akainua sauti. "Na angelitaja ningemfukuza!"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu isingekuwa radhi."

Inspekta akakaa. Hakimu, mtu wa makamo mwenye sauti ya taratibu, aliinama mbele. Hakuwa mtu mbaya. Yeyote aliyekuwapo atakwambia alikuwa anataka kuelewa. "Mzee wangu, nisaidie. Kama gari ndilo lililokuwa na makosa, mtu mwenye akili timamu atasemaje kwamba makosa ni yake?"

Mzee Chirau aligeuka akawatazama watu, kama kwamba mmoja wao angeinuka na kumjibia. Shehe alikuwapo, aliyewasomesha vijana wa vijiji viwili. Walikuwapo wazee waliopatanisha visasi vya damu. Hakuna aliyeinuka. Walikuwa wanalijua jambo lile kama wanavyojua kupumua, na hakuna aliyewahi kuambiwa alieleze.

"Ndivyo inavyosemwa, bwana," alisema mzee hatimaye. "Husemwa hivyo. Kisha husamehewa. Mimi mwenye mke nimesamehe, na mke wangu alisamehe kabla ya kufa."

"Na ni jambo jema sana, mzee. Lakini anayeshtaki si wewe. Anayeshtaki ni Serikali."

"Kwani Serikali si yetu sasa?"

Hakimu akainamia karatasi zake. Mjomba Shehe akamnong'oneza Tumu, au pengine alikuwa anajisemea tu, "Basi tuonyeshwe nyumba yake tukaiombe radhi."

Mwaka na nusu jela. Zahoro aliposikia alisema, "Naam, bwana," kwa adabu, kama mtu aliyeagizwa kitu dukani. Alitolewa kwa mlango wa nyuma, na Tumu alipozunguka mbio akakuta lori limeshawashwa, akaona mgongo tu, na kofia tatu, hajui ya mumewe ni ipi.

Chini ya ukumbi Mzee Chirau alimjia. Kofia yake ameivua, machozi yameingia ndevuni.

"Mwanangu Tumu, ni mimi. Ni makosa ya..."

"Sss!" Shehe alimshika mkono akamvuta. "Funga mdomo, mzee! Huoni askari amesimama pale?"

Wakaachana hivyo, bila ya neno kumalizika.

*

Nyumba ambayo haikukauka wageni ilikauka. Mbeyu aliacha kuja kwa aibu, wengine waliacha kwa kutojua la kusema. Bi Khamisa aliacha ukambaa wake, akawa anakaa tu. Tumu alisuka makuti mpaka vidole vikapasuka, na mara nyingine jambo moja lilimjia katikati ya kazi, akasimama nalo: sauti yake mwenyewe ikitoka jikoni, Sema ukamilishe. Hakumwambia mtu. Alimwambia Zahoro siku moja, kupitia wavu wa jela, na Zahoro akasema, "Ulisema haki," na muda ukaisha.

Kufika jela ya Shimo la Tewa ilikuwa shughuli. Basi la asubuhi lilikuwa likichelewa kwenye feri ya Likoni, na wageni hawaruhusiwi kuingia baada ya adhuhuri. Mara mbili alifika akakuta mlango umefungwa, akarudi na msuli safi aliokuwa amemchukulia, bado umekunjwa.

Siku ya tatu, amesimama njiani na kifurushi chake, Landrova ya hoteli ilisimama. Ngala akateremsha kioo.

"Hujambo, mama? Nakwenda Mombasa kuchukua saruji. Najua unakokwenda. Nitakufikisha mpaka mlangoni, nikirudi nitakupitia."

Bi Khamisa, aliyekuwa amemsindikiza, akamshika mkwewe bega. "Utapanda gari lile?"

"Nitapanda, mama," alisema Tumu. "Nataka kumwona."

Ndani mlikuwa na harufu ya petroli na ngozi. Ngala alikuwa amekonda zaidi. Walipoipita Mwabungu wote wawili walitazama mbele, na meza ya Mbeyu ikapita kando, na moshi wake mdogo.

"Mama," alisema Ngala. Hapakuwa na karani wa kukohoa. "Mama Tumu, mimi siku ile..."

Tumu akageuka. Maneno yake alikuwa nayo tayari, yalikuwa yamemkaa mdomoni tangu alipofungua mlango wa gari. Ngala angesema nusu tu, angesema lile la kwanza tu, naye angemwambia, Ah, ndugu yangu, hiyo ni kadari. Alikuwa anataka kumwambia. Alitaka kwa kiu, kama anavyotaka maji, apatikane mtu mmoja katika jambo hili wa kutuliwa mzigo.

"Siku ile jua lilikuwa kali sana," alisema Ngala.

"Lilikuwa kali," alisema Tumu.

Wakaendelea. Jua la siku hiyo nalo lilikuwa limeshapanda. Tumu alikipakata kifurushi chake, akakitua, akakipakata tena.

"Tutawahi kabla ya adhuhuri? Juzi nilifungiwa mlango."

"Tutawahi, mama, usijali," alisema Ngala, akaongeza mwendo, na Tumu alimshukuru moyoni.

Mbele yao alitokea mpanda baisikeli na matenga mawili ya nazi, moja huku, moja huku, amejaa nusu ya njia. Mkono wa Ngala ulikwenda kwenye honi wenyewe, bila ya yeye kuutuma, kama mkono unavyomfukuza nzi. Paaa. Mtu yule aligeuza kichwa. Tumu alimwona jicho. Alifungua mdomo amwambie dereva, polepole, na papo hapo akauona ule mlango wa jela na yule askari mwenye funguo. Paaa. Baisikeli iliinama ikaelekea mchangani, bega la mtu likapita karibu kabisa na kioo, kisha vumbi.

Tumu akageuka nyuma. Vumbi lilikuwa limesimama kama ukuta.

"Ameanguka?" aliuliza.

"Nani?" alisema Ngala.